Jinsi ya kubuni saketi ya kurekodi ubongo inayokaa ndani ya kichwa na kula umeme kiduchu

Watu wengi wakipata wazo la kubuni kipandikizi cha ubongo wanakimbilia amplifaya, ile saketi ya kukuza signali. Wanabishana transista gani ina kelele ndogo, wanachora, wanaisimuleti, wanafurahi, alafu wakija kuweka redio ya kutuma data nje ndo wanashtuka kwamba redio peke yake inakula umeme kuliko amplifaya zote mia ukizijumlisha. Mi nasema anza na joto. Joto ndo bosi wa hii kazi, ukishajua umeruhusiwa joto kiasi gani kila kitu kingine kinagawiwa kutoka humo, na kisipotosha unapunguza data unayotuma nje, sio unaanza kutafuta amplifaya ya miujiza.

Sababu yenyewe haina fumbo. Umeme wote unaoingia kwenye kipandikizi unaishia kuwa joto, ukitoa kale kasehemu kadogo kanakotoka kama mawimbi ya redio, na pembeni ya chipu yako kuna tishu hai ambayo haipendi kupashwa. Kiwango cha kimataifa cha vipandikizi vyenye umeme, ISO 14708-1, kinataka uso wa nje usizidi nyuzi 2 juu ya 37, yaani mwisho wake 39. Kwenye ubongo wabunifu wengi wanajibana zaidi, wanaweka nyuzi 1 tu. Ukiangalia kwa upande wa umeme kwa eneo, majaribio yaliyofanyika kwenye misuli yalionesha miliwati 80 kwa kila sentimita ya mraba inaua tishu, kwahiyo watu wakachukua nusu yake, 40, ndo wakaifanya mpaka. Hiyo 40 ni mpaka, sio lengo, usije ukabuni ukaikaribia kabisa afu ukajisifu umetumia bajeti yote.

Haya tupige hesabu. Chukua chipu ya milimita 5 kwa 5, uso mmoja ni robo ya sentimita ya mraba, ukizidisha na 40 unapata miliwati 10. Hapo mi nakata nusu, sababu joto halisambai sawasawa, kona yenye regyuleta (saketi ya kutuliza volteji) inaweza kuwa ya moto wakati kona ya pili imepoa kabisa. Imebaki 5. Kwenye hiyo 5 rektifaya (inayonyoosha umeme unaoingia) na regyuleta nao wanakula chao, ikifika asilimia 60 kwenye saketi zenyewe umejitahidi, kwahiyo una miliwati 3 za kufanyia kazi. Chaneli 100? Basi kila chaneli ina maikrowati 30, na humo humo kuna amplifaya, ADC ya kugeuza signali kuwa namba, dijitali, na mgao wake wa redio. Andika hiyo 30 mahali utakapoiona kila siku.

Unataka kusikia nini hasa?

Kabla ya kuchora chochote jiulize unatafuta signali ipi, maana ubongo unatoa za aina kadhaa na bei zake kwenye umeme hazifanani hata kidogo. Kuna spaiki, ule mfyatuko wa nyuroni moja moja, unapoupima kwa elektrodi iliyo nje ya seli unakuta ukubwa wa kama maikrovolti 50 hadi 500, na nguvu yake iko kati ya hezi 300 na elfu kadhaa hivi, wengi wanakata kwenye 5,000 au 7,000. Alafu kuna LFP, ambayo ni jumla ya shughuli za nyuroni nyingi za mtaa mmoja, hii ni ya polepole, chini ya hezi 300, na inaweza kufika milivolti nzima. Alafu kuna ile inayopimwa kwa elektrodi bapa zilizolazwa juu ya ubongo bila kuchoma ndani, ECoG, nayo ni ya polepole.

Kama kazi yako ni kukamata dalili za kifafa, huhitaji spaiki, elektrodi chache na sampo (vipimo vya signali) mia kadhaa kwa sekunde zinakutosha. Kifaa cha RNS cha NeuroPace, kilichoidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2013, kinafanya kazi kwa chaneli 4 tu na kina betri ndani. Ila kama unataka mtu aliyepooza asogeze kishale kwenye skrini kwa mawazo, hapo unazungumzia elektrodi nyingi na spaiki, ndo maana safu ya Utah, kile kijibamba chenye sindano ndogo ndogo, ina elektrodi 100 na kile kipandikizi cha Neuralink kilichowekwa kwa mtu wa kwanza Januari 2024 kina 1,024. Usiongeze chaneli kwa sababu namba inapendeza. Kila chaneli inalipiwa.

Amplifaya

Hapa ndo penye raha. Adui wa kwanza sio kelele, ni DC, yaani volteji isiyobadilika. Elektrodi ya chuma ikigusa majimaji ya mwili inajitengenezea volteji yake ya kudumu kama kibetri fulani, na tofauti kati ya elektrodi mbili inaweza kuwa milivolti 50 au zaidi, sasa we unatafuta kitu cha maikrovolti 50 juu yake, ni mara elfu moja ndogo, sawa na kupima urefu wa sisimizi aliyesimama juu ya kilele cha mti. Ukikuza mara 200 bila kuondoa hiyo DC unahitaji volti 10 kwenye saketi ya volti 1, amplifaya inagonga ukutani na hutarekodi kitu.

Suluhisho ambalo limekuwa kama katiba ya hii fani ni lile la Reid Harrison na Cameron Charles wa Chuo Kikuu cha Utah, la mwaka 2003. Unaweka kapasita kwenye mlango wa kuingilia, tuseme pikofaradi 20, na nyingine ndogo ya femtofaradi 200 kwenye njia ya kurudisha, uwiano wa hizo mbili ndo ukuzaji wako, mara 100. Sambamba na ile ndogo unaweka resista bandia iliyotengenezwa kwa transista zilizofungwa, ambayo inakupa ukinzani wa omu trilioni moja na kuendelea bila kuchukua nafasi. Trilioni moja na femtofaradi 200 zinakupa mpaka wa chini wa kama hezi 0.8, kwahiyo DC inabaki nje na LFP inapita. Ya kwao ilikuwa na kelele ya maikrovolti 2.2 kwa maikrowati 80, na hadi leo watu wanajipima nayo.

Kitu ambacho hukiambiwi mapema: hiyo resista bandia ni mtoto mtukutu. Thamani yake inabadilika na joto, inabadilika na mwanga ukiwa unapima chipu uchi mezani (zima taa ya hadubini kabla hujaanza kulalamika), na ikitokea mshtuko mkubwa, mfano umestimuleti ubongo pembeni, amplifaya inajaa na inachukua sekunde kadhaa kurudi sababu hamna njia ya chaji kutoka. Weka swichi ya kuiresetisha. Ni transista moja tu, inaokoa maisha.

Sasa kelele. Transista za kuingilia weka za aina ya PMOS, ziwe kubwa ili kupunguza ile kelele ya masafa ya chini, na ziendeshe chini ya kizingiti chake, pale ambapo kila ampea inakupa nguvu kubwa kabisa ya kukuza, kama 25 kwa kila volti. Nyingine za mzigo fanya kinyume, ziendeshe juu ya kizingiti ili zisichangie kelele. Kuna kipimo kinaitwa NEF kinacholinganisha amplifaya yako na transista moja ya baipola inayotumia mkondo huohuo, 1 ndo hiyo transista yenyewe, ya Harrison ilikuwa 4.0, na nzuri za leo zinacheza kwenye 2 hadi 3.

Tumia NEF kupiga hesabu kabla hujachora. Nikitaka kelele ya maikrovolti 4 kwenye upana wa hezi 5,000 kwa NEF ya 3, mkondo unatoka kama maikroampea 2. Nikitaka maikrovolti 2, mkondo unakuwa maikroampea 8, sababu kelele ikigawanywa kwa mbili mkondo unazidishwa kwa nne, hamna ujanja hapo. Swali ni je hiyo 2 itakusaidia? Elektrodi yenyewe ina kelele yake ya joto. Ikiwa sehemu yake ya ukinzani halisi ni kilo-omu 500, kwenye nyuzi 37 na upana uleule inatoa maikrovolti 6.5 yenyewe, hata kabla hujawasha kitu. Kelele hazijumlishwi moja kwa moja, zinajumlishwa kwa mraba, kwahiyo elektrodi pamoja na amplifaya ya 4 ni 7.6, na elektrodi pamoja na amplifaya ya 2 ni 6.8. Umelipa umeme mara nne ili upate tofauti isiyofika maikrovolti moja! Na hapo bado nyuroni za mbali hazijaongeza uvumi wao ambao nao ni maikrovolti kadhaa. Hela hiyo bora upeleke kwenye elektrodi, ipakwe PEDOT (plastiki inayopitisha umeme) au oksidi ya iridiamu, ukinzani ushuke, kila mtu afaidike.

Kuna watu wanapenda choppa, ile mbinu ya kugeuzageuza signali kwa kasi ili kelele ya chini ihamie juu. Ni nzuri kwa LFP. Ila ukiweka choppa kabla ya kapasita ya kuingilia umeua ukinzani wa mlango, pikofaradi 20 ikigeuzwa mara 10,000 kwa sekunde inaonekana kama resista ya mega-omu 2.5, na elektrodi ndogo ya spaiki haipendi mzigo wa hivyo, signali inapungua na tena DC inaanza kupitisha mkondo kwenye tishu. Kwa spaiki mi choppa siigusi.

Na usisahau upande wa pili wa amplifaya, yaani elektrodi ya rejeo. Amplifaya 100 zikishea rejeo moja, kapasita zao zote zinajumlishwa: 100 kwa pikofaradi 20 ni nanofaradi 2, kwenye hezi 1,000 hiyo ni kilo-omu 80 tu. Ukiweka rejeo ndogo yenye ukinzani wa mamia ya kilo-omu, upande mmoja wa amplifaya unaona signali nzima na upande wa pili unaona iliyochakaa, ule uwezo wa kufuta kelele zinazofanana unakufa, na umeme wa ukutani wa hezi 50 au 60 unaingia kwa mbwembwe. Rejeo iwe kubwa, yenye ukinzani mdogo. Basi.

Kwenye ADC sikai sana. Ya aina ya SAR, inayotafuta namba biti moja baada ya nyingine, biti 10, inatosha. Ukiwa umekuza mara 200 (ile hatua ya kwanza ya 100 na ya pili ya 2), ile kelele ya 7.6 inakuwa milivolti 1.5 hivi, na ngazi moja ya biti 10 kwenye volti 1 ni karibu milivolti 1, kelele ya ADC yenyewe ni chini ya 0.3. Biti 16 kwenye spaiki ni urembo, unapima kelele kwa umakini mkubwa. Kuhusu ADC moja kwa chaneli 16 au kila chaneli na yake, angalia bafa, saketi inayosukuma signali kuingia kwenye ADC: ADC ya kushea inatakiwa ijazwe haraka na bafa ya haraka inakula mkondo, kuna wakati vi-ADC vidogo vya polepole kila chaneli vinatoka rahisi kuliko kimoja cha mbio.

Data ndo mlaji mkuu

Chaneli 100, sampo 20,000 kwa sekunde, biti 10. Zidisha: megabiti 20 kwa sekunde. Bluetooth ya umeme mdogo kwa kasi yake ya juu ni megabiti 2 hewani, kwahiyo hata haiingii. Tuseme umepata redio nyingine inayokula nanojouli 1 kwa kila biti, ambayo sio mbaya, hiyo ni miliwati 20. Bajeti yako yote ilikuwa 3. Sasa unaelewa kwa nini nilisema usianze na amplifaya: amplifaya zako 100 za maikroampea 2 kwa volti 1 ni miliwati 0.2 tu!

Kwahiyo data inatakiwa ipunguzwe kabla haijafika kwenye redio, na hapa kuna njia mbili ninazozikubali.

Ya kwanza ni kutuma habari za spaiki tu, imetokea au haijatokea. Gawa muda kwa milisekunde, kila chaneli biti moja, 100 kwa 1,000 ni kilobiti 100 kwa sekunde, umepunguza mara 200, na redio ileile sasa inakula miliwati 0.1. Kujua spaiki imetokea unaweka kizingiti, kawaida mara 4 hivi ya kiwango cha kelele, upande wa hasi sababu spaiki nyingi za nje ya seli zinachimba chini kwanza. Kwenye kompyuta watu wanakadiria kelele kwa kuchukua mediani ya thamani bila alama ya + au - na kuigawa kwa 0.6745, ambayo ni nzuri sababu spaiki kubwa haziiyumbishi, ila mediani ndani ya chipu ni gharama, inataka memori na kupanga namba. Kuna njia ya kijanja zaidi: weka kiwango fulani na kaunta, pandisha kiwango signali ikiwa juu yake zaidi ya asilimia 16 ya muda, shusha ikiwa chini ya hapo. Kelele ya kawaida inakaa juu ya sigma moja (mkengeuko wake wa kawaida) kwa asilimia 16 hivi ya muda, kwahiyo kiwango kikitulia umepata sigma yako bure, bila kuzidisha wala kugawanya. Unataka mara 4? Sogeza biti mbili kushoto. Hiyo saketi nzima ni kilinganishi na kaunta.

Wengine wanatumia ile operesheni inayoitwa NEO, unachukua sampo mraba wake ukatoa zidisho la ya kabla na ya baada, inakuza vitu vyenye masafa ya juu na nguvu kwa pamoja. Inafanya kazi, ila ina vizidishi, na kama signali yako ni safi kizingiti tupu hakiachwi mbali sana.

Njia ya pili mi ndo naipenda siku hizi, ni kuacha kabisa kutafuta spaiki moja moja, unachukua nguvu iliyopo kati ya hezi 300 na 1,000 tu. Kundi la Chuo Kikuu cha Michigan lilichapisha mwaka 2020 kwamba nguvu ya hilo eneo inatawaliwa na nyuroni za karibu na inatosha kusomea mwendo, hata kwenye chaneli ambazo spaiki zimezama kwenye kelele. Faida yake inaanzia mlangoni kabisa: sampo 2,000 badala ya 20,000, upana wa amplifaya unashuka kwahiyo mkondo unashuka nao, ondoa alama, weka wastani wa kila milisekunde 50, tuma namba moja. Biti 16 kwa mara 20 kwa chaneli 100 ni kilobiti 32 kwa sekunde. Huwezi kutenganisha nyuroni huyu na yule, ila kama kazi ni kusogeza kishale, nani alikuwa anahitaji kujua?

Kwa njia yoyote utakayochagua, acha mlango wa nyuma. Weka modi ya kutuma chaneli moja au mbili zikiwa ghafi, ni kilobiti 200 kila moja, inabebeka. Siku kizingiti kikianza kutoa takataka utataka kuona mawimbi yenyewe kwa macho, na kifaa kiko ndani ya fuvu, huwezi kugusa na probu.

Upande wa dijitali kumbuka umeme unaenda na mraba wa volteji, ukishuka kutoka 1.2 hadi 0.6 umebaki na robo. Ila ukishusha kutoka 1.8 hadi 0.6 kwa regyuleta ya kawaida, theluthi mbili ya umeme imegeuka joto kwenye regyuleta yenyewe, na joto ndo lile tulilokuwa tunalikimbia. Tumia kigeuzi cha kapasita za kuswichi kwa dijitali, ile regyuleta tulivu uiachie amplifaya. Na saa, yale mapigo yanayoendesha dijitali, izimwe pale isipotumika.

Kuingiza umeme, kutoa data

Kwa vipandikizi bila betri kinachotumika zaidi ni koili mbili, moja nje ya ngozi, moja ndani, mara nyingi kwa megahezi 13.56 sababu ni masafa ya wazi karibu dunia nzima. Wabunifu wanahangaika na ufanisi pale koili zinapokuwa mbali, lakini tatizo baya zaidi ni zikiwa karibu kupita kiasi. Mgonjwa amelala upande wa koili, umbali umepungua, volteji ya rektifaya inapaa, kama huna kizuizi chipu inaungua na kama unacho basi kile kizuizi ndo kinapasha joto. Dawa ni kipandikizi kiripoti volteji yake nje na kitumaji cha nje kishushe nguvu chenyewe. Kifupi SAR hapa kimegeuka maana, sio ile ADC tena, ni kiwango cha mawimbi kinachonyonywa na tishu, Marekani mpaka wa kichwani kwa vifaa vya umma ni wati 1.6 kwa kilo kwenye gramu 1, na wanaofuata ICNIRP, kamati ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ni wati 2 kwenye gramu 10. Soma karatasi kwa makini ujue inazungumzia SAR ipi.

Kutoa data unaweza kutumia koili hiyohiyo, kipandikizi kinabadilisha mzigo wake na koili ya nje inahisi, karibu bure kwa umeme, ila ni polepole. Kuna bendi ya vipandikizi ya megahezi 402 hadi 405, mpaka wake ni maikrowati 25 za kurushwa na chaneli za kilohezi 300, kwa zile kilobiti 32 au 100 inakutosha. Ukilazimika kutuma ghafi nyingi, angalia redio za mipigo ya UWB (bendi pana sana) za kutuma tu, zinaweza kushuka hadi makumi ya pikojouli kwa biti, mzigo wote wa kupokea na kusawazisha unamwachia mpokeaji wa nje ambaye ana betri ya kuchaji na hana ubongo wa kuunguza.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa jicho la karibu: ratiba ya kutuma. Ukiwa unatuma pakiti kila milisekunde 1, kila mara redio inavuta mkondo, volteji inatikisika kidogo, na huo mtikisiko unajirudia kwa hezi 1,000, katikati kabisa ya eneo la spaiki! Utaona spaiki nzuri sana, zinazofanana, kwenye chaneli zote kwa pamoja. Hizo sio nyuroni. Tuma pakiti kubwa mara chache, au pangilia redio iwashwe wakati ADC imepumzika, na tenganisha njia ya umeme ya amplifaya na ya redio kuanzia kwenye rektifaya.

Ukitaka betri, ya miliampea-saa 20 kwa volti 3.7 ina miliwati-saa 74, kwa mzigo wa miliwati 3 ni kama siku moja, kisha unachaji. Kumbuka wakati wa kuchaji nao una joto lake na ndo mara nyingi joto la juu kabisa la maisha ya kifaa.

Maji yataingia

Sanduku la titani lenye vipenyo vya kauri vya kupitishia waya ndo njia iliyothibitishwa kwa miaka mingi. Shida zake mbili: titani inazuia koili, kwahiyo koili inakaa nje ya sanduku ndani ya silikoni au unatumia kauri badala ya titani, na kila waya unataka kipenyo chake, chaneli 100 ni vipenyo 100 ambavyo kila kimoja ni mahali pa kuvujia.

Parilini (plastiki nyembamba ya kupaka) na silikoni peke yake hazizuii mvuke, zinaupitisha, na watu wanashangaa kusikia hivyo. Mvuke sio tatizo mpaka upate upenyo wa kugeuka maji, kwahiyo kinachoamua ni jinsi gundi ilivyoshika bila kapovu ka hewa wala mabaki ya flaksi ya kulehemu chini yake. Safisha bodi kama unaenda kuila. Na usiache volteji ya DC ikae kati ya waya mbili jirani nje ya sanduku, chumvi na DC wanakula chuma, pitisha umeme kama AC na ugeuze kuwa DC ndani. Kila elektrodi inayogusa tishu iwe na kapasita ya kuzuia DC, ili hata transista ikifa mkondo usiende kwenye ubongo.

Kabla ya yote hayo

Kama ndo unaanza, usitengeneze chipu yako. Nunua iliyopo, RHD2132 ya kampuni ya Intan ina chaneli 32, kelele maikrovolti 2.4, ADC ndani, unganisha na maikrokontrola au FPGA (chipu unayoipangia saketi mwenyewe), jifunzie hapo algoriti na redio. Ukitaka kweli kuchora silikoni, kuna mchakato wa kiwanda cha chipu cha SkyWater wa nanomita 130 ambao mafaili yake yako wazi tangu 2020. Na kwa binadamu, hata kwa mnyama, hakiingizwi kitu bila idhini ya kamati ya maadili na mamlaka husika, FDA ina mwongozo wake wa vifaa hivi wa 2021, na majaribio ya ISO 10993 ya usalama wa mali kwa tishu yanachukua muda, yapange mapema.

Mezani pima kwa hatua. Kwanza funga milango ya kuingilia pamoja upime kelele ya saketi tupu, alafu weka elektrodi kwenye maji ya chumvi upime tena, tofauti ni ya elektrodi. Kisha cheza rekodi halisi za nyuroni kupitia kigawanyi cha 1 kwa 1,000 ndani ya yale maji uone kizingiti chako kinakamata ngapi, na urudie redio ikiwa imewashwa. Joto lipime kifaa kikiwa ndani ya jeli ya agari kwenye nyuzi 37, sio hewani. Agari haina damu inayozunguka na kupoza kwahiyo namba itatoka mbaya kuliko uhalisia, na hiyo ndo unayotaka.

Mwisho chovya. Maji ya chumvi yenye fosfeti, nyuzi 67, kila nyuzi 10 za ziada tunachukulia kasi inazidishwa kwa mbili, kwahiyo 30 za ziada ni mara 8 na siku 46 zinasimama badala ya mwaka. Ni makadirio, usipande sana juu ya hapo sababu plastiki nyingine zinabadilika tabia na unapima kitu kisichowahi kutokea mwilini. Kifaa kiwe KIMEWASHWA muda wote, chovya iliyozimwa haikwambii chochote kuhusu kutu. Weka kihisi cha unyevu ndani ya sanduku, au hata waya mbili zilizochanuana kama meno ya kitana, na kila saa rekodi ukinzani wake pamoja na kelele ya kila chaneli. Unyevu ukianza kupanda kabla chaneli hazijafa, kata hilo sanduku ulichunguze siku hiyohiyo, sababu baada ya wiki kutu itakuwa imefunika mahali ilipoanzia.